Omari bin Khattab, Khalifa wa Pili

Katika vijiji vyetu vingi jina la Omari husikiwa kila siku. Twakaa pamoja na wenye jina hilo, twauziana nao na kuzikana nao. Walakini Wakristo wajuao habari za Omari yule wa kwanza ni wachache. Twaona ni vema kuwasimulia wasomaji habari zake, maana ndiye aliyeupokea mji wa Yerusalemu kutoka mikononi mwa Wakristo, na jambo hilo si dogo kwetu.

Alizaliwa Makka, katika kabila la Kureshi, ukoo wa Adi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu na mwepesi wa hasira, tena alijua kusoma na kuandika, elimu iliyokuwa haba kwa Waarabu wa siku zile. Muhammad alipoanza kuhubiri, Omari alimpinga kwa ukali. Waislamu husimulia kwamba siku moja alitwaa upanga aende akamwue, akaambiwa njiani aitazame kwanza nyumba ya kwao, kwa kuwa dada yake Fatima na mumewe wamekwisha kusilimu. Akaenda, akawakuta wakisomewa Kurani, akampiga dada yake hata damu ikamtoka. Alipoiona damu ile akaona haya, akaomba apewe yale maandiko, akayasoma, na moyo wake ukageuka. Msomaji wa Matendo ya Mitume atamkumbuka Sauli katika njia ya Dameski, ingawa habari hizi mbili si moja.

Mwaka wa 622 alihamia Madina pamoja na wenziwe. Muhammad alipofariki mwaka wa 632, watu walikaribia kufarakana juu ya nani awatawale. Omari akamshika Abubakari mkono na kumkiri mbele ya wote, na fitina ikazimika. Abubakari alitawala miaka 2 tu. Alipokuwa karibu kufa, mwaka wa 634, alimtaja Omari kuwa khalifa baada yake.

Miaka 10 ya Omari iliigeuza dunia. Ilikuwaje watu wa jangwani wazishinde falme mbili kubwa? Yatupasa kuzitazama falme zenyewe. Warumi wa Konstantinopoli na Waajemi walikuwa wamepigana tangu mwaka wa 602 hata mwaka wa 628. Waajemi waliutwaa Yerusalemu mwaka wa 614, wakauchukua mti uliosadikiwa kuwa msalaba wa Bwana; Kaisari Heraklio akawashinda, akaurudisha mwaka wa 630. Lakini pande zote mbili hazina zilikuwa tupu na askari wamechoka.

Tena Wakristo wenyewe walikuwa wamegawanyika. Tangu mkutano mkuu wa Kalkedoni, mwaka wa 451, walibishana juu ya uungu na ubinadamu wa Kristo, na kanisa la Kaisari likawatesa Wakristo wa Misri wasiokubali. Benyamini, askofu mkuu wao, alijificha muda wa miaka 10 na zaidi, akimkimbia Mkristo mwenzake. Twaandika neno hili kwa huzuni, ila ndivyo ilivyokuwa. Majeshi ya Omari yalipoingia Misri mwaka wa 639, chini ya Amri bin Asi, wengi wa hao walioteswa hawakuona sababu ya kufa kwa ajili ya Kaisari. Amri akampa Benyamini amani, naye akalirudia kundi lake. Wako wasemao kwamba Omari aliamuru vitabu vya Iskanderia vichomwe moto; lakini habari hiyo yaonekana mara ya kwanza zaidi ya miaka 500 baadaye, nasi hatuisadiki.

Huko Shamu jeshi la Warumi lilivunjwa kando ya mto Yarmuki mwaka wa 636. Waajemi nao wakashindwa Kadisia, na tena Nihawandi mwaka wa 642. Omari hakuyaongoza majeshi hayo mwenyewe. Alikaa Madina akituma barua. Hata Khalid bin Walid, jemadari wa kushinda kuliko wote, Omari alimwondoa katika ukuu wake, na Khalid akatii.

Sasa tuje Yerusalemu. Askofu mkuu wa mji alikuwa Sofronio, mzee, mzaliwa wa Dameski. Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana ya mwaka wa 634 hakuweza kuwapeleka watu wake Bethlehemu kama ilivyokuwa desturi, kwa kuwa Waarabu walikwisha kuishika njia, akahubiri mjini. Mji ukazingirwa, na katika mwaka wa 637 au 638 ukajitoa. Husimuliwa kwamba Sofronio alikataa kuutoa kwa mtu mwingine ila khalifa mwenyewe, na Omari akaja, amevaa nguo chakavu za safari. Wakristo wakaahidiwa uhai wao, mali zao na makanisa yao, nao watoe kodi iitwayo jizia.

Eutikio, askofu mkuu wa Iskanderia aliyeandika miaka 300 hivi baadaye, asimulia kwamba saa ya sala ilimkuta Omari ndani ya Kanisa la Ufufuo. Sofronio akamruhusu asali pale pale. Omari akakataa, akatoka nje akasali peke yake ngazini, asije mtu baada yake akalitwaa kanisa kwa hoja kwamba khalifa alisali humo. Msikiti uitwao kwa jina lake, ulio karibu na kanisa hilo, ulijengwa mwaka wa 1193.

Hata hivyo tusimfanye Omari kuwa mtu asiyekuwa. Wakristo wa Najrani aliwahamisha katika nchi yao ya Arabuni, na Wayahudi wa Khaibari vivyo hivyo.

Katika kutawala alikuwa mtu wa utaratibu. Aliandikisha daftari ya mishahara ya askari, akaanzisha miji ya Basra na Kufa, akaagiza miaka ihesabiwe tangu ile hama ya Madina. Njaa ilipoingia Arabuni mwaka wa 639, husemwa kwamba hakuonja samli mpaka watu wote walipoipata.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 644, alipokuwa akisalisha alfajiri msikitini Madina, mtumwa wa Kiajemi aitwaye Firuz alimchoma kwa kisu. Akaishi siku chache, akaagiza wazee 6 wamchague khalifa kati yao wenyewe, nao wakamchagua Othmani. Akamtuma mwanawe Abdallah kwa Aisha, mjane wa Muhammad, kuomba azikwe nyumbani mwake, kando ya Muhammad na Abubakari. Aisha akakubali. Lakini Omari akaagiza kwamba akiisha kufa, waichukue maiti yake mpaka mlangoni na kuomba ruhusa mara ya pili, asije akawa alikubali kwa kumwogopa mtawala aliye hai. Wakafanya hivyo, Aisha akakubali tena, wakamzika.