Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mkuu wa Vijiji

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa mtu wa Ujerumani, ambaye jina lake limeandikwa juu ya milango ya mabenki mengi ya Ulaya. Lakini yeye mwenyewe hakuwa tajiri. Alikuwa mkuu wa vijiji vya maskini, tena mgonjwa wa macho.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika Hamm, kando ya mto Sieg, mtoto wa saba katika watoto tisa. Baba alikuwa mgonjwa, mzigo wa nyumba ukamwelemea mama, mwanamke mcha Mungu. Fedha za shule kubwa hazikuwapo. Basi mchungaji wa mahali pale, jina lake Seippel, akamfundisha mwenyewe. Alipopata miaka 17 akaingia jeshini, katika kikosi cha mizinga, lakini ugonjwa wa macho ukamtoa mwaka 1843. Akashika kazi ya serikali, na mwaka 1845 akawekwa kuwa mkuu wa Weyerbusch, katika vilima vya Westerwald, nchi ya baridi na udongo hafifu.

Mavuno ya mwaka 1846 yalikuwa mabaya, na majira ya baridi yalipofika njaa ikaingia nyumbani mwa watu. Serikali ikaleta nafaka, lakini kwa amri kwamba wapewe wenye fedha mkononi tu. Je, mwenye njaa ana fedha gani mkononi? Raiffeisen, kijana wa miaka 28, aliona ya kuwa amri hiyo itawashibisha walioshiba. Hakuifuata. Aliwaita wenye mali wa vijijini, akawaomba watoe fedha zikusanywe pamoja. Nao waliokosa wakapewa nafaka na mkate kwa deni, walipe baadaye. Wakajenga na tanuru la kijiji, mkate ukauzwa kwa bei ndogo sana kuliko ile ya sokoni.

Mwaka 1848 akahamishiwa Flammersfeld. Huko adui alikuwa mwingine, nayo ni riba. Mkulima asiye na ng'ombe alikopeshwa na mfanya biashara kwa masharti mazito. Akishindwa kulipa, ng'ombe alichukuliwa, na shamba likafuata. Desemba 1849 Raiffeisen akaanzisha chama cha kuwasaidia. Watu wapata 60 wenye uwezo walijifunga kwa dhamana, wote kwa mmoja na mmoja kwa wote. Chama kikanunua ng'ombe, mkulima akalipa kidogo kidogo.

Akahamishwa tena mwaka 1852, akaenda Heddesdorf karibu na Neuwied. Chama cha huko, kilichoanza mwaka 1854, kilitaka kufanya mambo mengi mno: kuwalea watoto walioachwa, kuwatafutia kazi waliotoka kifungoni, kuwapatia watu vitabu vya kusoma, na kukopesha fedha pia. Kazi hizi zote ni njema. Lakini matajiri walioibeba dhamana walianza kuchoka. Wao walitia mali yao hatarini, wala hawakuhitaji mkopo. Na wale waliokopa hawakuwa na neno katika chama, wakangoja kupewa tu. Basi kila mwaka moto ukapoa.

Hapa ndipo penye jambo zito la maisha yake. Raiffeisen alikuwa ameamini kabisa ya kuwa upendo wa Kikristo wa wenye mali utatosha. Kuiacha imani hiyo kulimwia vigumu, na ilimchukua miaka kumi. Upendo hakuuacha, aliona tu kwamba maskini naye lazima aingie ndani, abebe dhamana pamoja na wengine. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kikageuzwa: asiye mwanachama hakopi.

Kanuni za vyama hivi zilikuwa za namna hii. Chama kilikaa ndani ya mipaka midogo, kama usharika mmoja, ili watu wajuane. Aliyeomba fedha za kununua ng'ombe alijulikana kama ni mlevi au ni mtu wa kazi, na ng'ombe akinunuliwa, jirani walimwona malishoni. Kila mwanachama aliwajibika kwa mali yake yote chama kikianguka, kwa hiyo hakuna aliyelala mkutanoni. Wazee wa chama walitumika bure. Mtunza hesabu peke yake alipata ujira. Faida haikugawanywa, bali iliwekwa akiba ya chama.

Wakati huo nyumba yake ilikuwa na msiba. Mkewe Emilie alikufa mwaka 1863, na macho yakazidi kufifia hata ikambidi kuacha kazi mwaka 1865. Hata hivyo mwaka 1866 akatoa kitabu cha kueleza vyama vya mikopo, nacho kikasomwa mbali. Binti yake Amalie ndiye aliyemsomea na kumwandikia barua zake miaka mingi, hakuolewa. Jina lake halimo juu ya mlango wa benki yo yote, na sisi twaona si haki.

Mwaka 1872 ikaanzishwa benki ya vyama huko Neuwied, ili kijiji chenye fedha za ziada kiweze kukisaidia kijiji kilichopungukiwa. Raiffeisen alifariki tarehe 11 Machi 1888, siku mbili baada ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70.

Njia yake ilifika Bara Hindi, ambako sheria ya vyama vya mikopo ilitungwa mwaka 1904. Tanganyika ilipata sheria yake ya vyama vya ushirika mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao, KNCU.