Mama Kevina wa Nsambya



Kama mlivyoona kwenye jalada, harambee ya mwaka huu ni ya ada za vijana wetu walioko vyuo vya uuguzi na ukunga. Kwa sababu hiyo, kurasa hizi ambazo kila mwaka tunaziweka kwa ajili ya maisha ya mtu mashuhuri tumempa mwanamke ambaye hakuwa Mhaya wala Mtanzania. Aliishi ng'ambo ya ziwa letu, na wazee wetu waliokwenda Kampala kutafuta kazi bila shaka walilisikia jina lake. Waganda walimwita Mama Kevina.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na Arklow, katika jimbo la Wicklow, Ayalandi, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake alikufa miezi mitatu kabla hajazaliwa. Mama yake alifariki Teresa akiwa na miaka kumi, akabaki mikononi mwa bibi yake. Alipenda kusomea ualimu, lakini fedha ya kulipia chuo haikupatikana. Akaridhika na cheti cha mwalimu msaidizi na kuanza kufundisha bila kupata mafunzo aliyoyataka.

Sisi tuliosomea uhasibu tuna tabia ya kutafuta hesabu ndani ya kila habari, na tunakiri kwamba ni mstari huo wa ada iliyokosekana uliotufanya tumchague. Mengine aliyoyafanya ni makubwa zaidi, lakini tulipousoma huo tulikumbuka barua za maombi zilizoko kwenye faili la chama.

Mwaka 1895 aliingia utawani kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Sista Kevin. Miaka saba baadaye Askofu Hanlon wa Uganda aliomba masista. Tarehe 3 Desemba 1902 wakaondoka sita: Waayalandi watatu, Mwingereza mmoja, Mskoti mmoja na Mmarekani mmoja. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani mwaka mmoja tu kabla. Tarehe 15 Januari 1903 walifika Nsambya, kilima kimojawapo cha Kampala, na kazi ya tiba ikaanzia chini ya mwembe. Hapakuwa na jengo. Wagonjwa walikaa kivulini kusubiri zamu, kama tunavyokaa leo kwenye benchi la zahanati.

Ulikuwa wakati mbaya sana kwa watu wa ziwani. Malale yalikuwa yakiua Busoga na kando ya ziwa, na kabla ugonjwa haujatulia watu zaidi ya laki mbili walikuwa wamekufa. Ndui nayo ilikuwapo, na malaria kama kawaida. Masista sita wenye dawa chache wangefanya nini? Walifunga vidonda, wakanywesha dawa, wakaosha watoto. Mkuu wao alipougua na kuondoka mwaka 1910, Sista Kevin alishika nafasi yake, na tangu hapo akawa Mama Kevin, au Kevina kwa ulimi wa Kiganda.

Kisha ikaja vita ya Mjerumani, ambayo huku kwetu haihitaji maelezo mengi. Juni 1915 majeshi ya Mwingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu na kuiteka Bukoba kwa siku mbili, kisha yakarudi. Mwaka uliofuata yalikuja kukaa. Jeshi la wakati ule lilikwenda kwa miguu ya wapagazi, watu waliochukuliwa vijijini kubeba unga, risasi na majeruhi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Wapagazi wagonjwa walifikishwa Nsambya. Mama Kevina aliwauguza na akawapigia kelele wakubwa kwa jinsi walivyokuwa wakitupwa. Mwisho wa mwaka 1918 Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya MBE kwa kazi hiyo.

Nishani haikubadilisha jambo lililokuwa wazi mbele ya macho yake. Mikono ilikuwa michache. Kila sista aliyekuja kutoka Ulaya alikuja kwa gharama kubwa, alihitaji muda kujifunza lugha, na aliweza kuugua na kurudishwa kwao wakati wowote. Vilevile kulikuwa na kizuizi kingine ambacho wengi wetu, hata tulio Wakatoliki, hatukijui. Sheria za Kanisa za wakati ule hazikumruhusu mtawa kufanya kazi ya ukunga. Sista aliweza kufunga kidonda cha mama mjamzito, lakini uchungu ukianza ilimbidi kukaa kando. Katika nchi ambayo akina mama na watoto wachanga walikuwa wakifa namna ile, hebu fikirini uzito wa kusimama mlangoni.

Mama Kevina alipita njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa kuiomba Roma ibadilishe sheria, na katika hilo hakuwa peke yake. Wanawake Wakatoliki wa nchi kadhaa walilisukuma jambo hilo kwa miaka mingi. Ruhusa ilitoka mwezi Februari 1936. Yeye alikuwa amefika Afrika miaka thelathini na mitatu kabla.

Njia ya pili haikungoja Roma. Alimpata Daktari Evelyn Connolly, mwanamke asiye mtawa wakati ule, ambaye sheria ile haikumhusu, na mwaka 1921 wakafungua pale Nsambya chuo cha kufundisha wauguzi na wakunga. Waliofundishwa walikuwa mabinti wa nchi ile. Walijua lugha ya mgonjwa, walijua ndizi inapikwaje kwa mzazi, na usiku walipoitwa hawakuhitaji mkalimani.

Tunajua kwa watu wa kwetu jinsi jambo hili lilivyokuwa gumu. Ukunga ulikuwa kazi ya bibi aliyekwisha kuzaa wake. Binti ambaye hajaolewa kuingia chumba cha kujifungulia lilionekana jambo la aibu, na mzazi alijiuliza nani atalima, na nani atamwoa mtoto aliyekwisha kuona hayo. Hata leo, katika vikao vyetu vya familia, bado yupo mzee anayeuliza kwa nini binti asisomee kazi ya kukaa ofisini.

Ni kazi gani basi anayoingia? Mwanafunzi wa uuguzi huanza na mambo yanayoonekana madogo: kunawa mikono kwa utaratibu, kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, kumwosha mtu mzima bila kumvunjia heshima, kupima joto, mapigo na presha na kuyaandika palepale. Kwa ngazi ya stashahada ni miaka mitatu ya darasani na wodini, ikifuatiwa na usajili na leseni. Katika miaka hiyo kuna siku ya kwanza ya kumwona mtu akikata roho, na wengi hutuambia kwamba usiku wa siku hiyo ndio walioamua kama wataendelea au watarudi nyumbani.

Baadaye anapangiwa zahanati. Tuchukue usiku mmoja wa masika, yuko peke yake zamu. Bodaboda inamleta mama mwenye uchungu, nyuma yake shemeji kashika kanga na beseni. Muuguzi anampima presha, anaweka ile fetoskopu iliyo kama tarumbeta ndogo tumboni na kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto, na atarudia kila nusu saa hadi mwisho, akiyatia kwenye chati. Chati hiyo ndiyo inayomwambia kama wasubiri au waite gari la kwenda Rubya, Kagondo au Ndolage. Akichelewa kuisoma, gharama yake sote tunaijua. Karibu kila ukoo wa Kagoma una kaburi la namna hiyo. Alfajiri anakabidhi zamu, anapita sokoni kununua dagaa, anakwenda kumwandaa mwanawe shule.

Huyo ndiye mtu ambaye Mama Kevina alitaka awe wengi. Mwaka 1923 alianzisha pia shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, likianza na wasichana wanane. Katika miaka ya 1930 kazi ikafika kwa wagonjwa wa ukoma huko Nyenga na Buluba. Mwaka 1942 ilianza shule ya wasichana ya Namagunga, ambayo baadhi ya familia zetu zimewahi kupeleka watoto. Mwaka 1952 masista wake wamisionari wakawa shirika linalojitegemea, makao yao yakiwa Mount Oliver, Dundalk, Ayalandi.

Fedha ya hayo yote ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitokana na kuomba. Alirudi Ulaya akazunguka akieleza na kukusanya, na tunaamini hakuna aliyewahi kuchangisha ambaye hajui jinsi kazi hiyo inavyochosha kuliko kazi yenyewe inayochangiwa. Mwaka 1955, akiwa na miaka themanini, umri ambao kwetu mtu hukaa barazani akaletewa kahawa, walimpeleka Boston, Marekani, kuongoza nyumba ya masista na kuendelea kutafuta michango kwa ajili ya Afrika. Hukohuko alifariki tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili ulisafirishwa hadi Ayalandi. Lakini Waganda walisema huyo ni mama yao na mahali pake ni kwao, wakaomba aletwe, akaletwa. Amezikwa Nkokonjeru, kwenye makao ya masista aliowaanzisha, na mwaka 2016 Kanisa lilifungua rasmi mchakato wa kumtafutia heshima ya mwenye heri. Katika lugha ya Uganda neno Kevina lilikwisha kuzoeleka kama jina la hospitali au nyumba ya huruma, hata kwa watu wasiojua kwamba lilikuwa jina la mtu.

Sasa turudi kwenye faili letu. Wilaya yetu ya Muleba ina bahati ya kuwa na vyuo vya afya jirani, Rubya na Ndolage, ambavyo kijana wa Kagoma anaweza kuvifikia bila kulala njiani. Sifa za kidato cha nne wanazo. Kemia, Biolojia na Fizikia wamefaulu. Kinachowarudisha nyumbani ni ada, na baada ya ada ni sare, viatu, bima, chakula na nauli ya kwenda mafunzo kwa vitendo. Waombaji wa mwaka huu ni wengi kuliko fedha iliyopo, na lazima tuseme ukweli kwamba mwaka jana ahadi zilizotamkwa ukumbini zilikuwa nyingi kuliko fedha zilizofika benki. Hatuwataji wahusika, na wengine tuko ndani ya kamati hii hii.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Anayependa kumlipia mwanafunzi mmoja moja kwa moja aweke alama kwenye kisanduku cha pili, nasi tutampatia hati ya madai ya chuo ili alipe huko mwenyewe na kutuletea nakala ya risiti. Muhula mpya ukianza, majina ya waliolipiwa na kiasi kilichotumika yatabandikwa ofisi ya kata na kusomwa kwenye mkutano wa Desemba, wakati wengi wetu tutakuwa nyumbani.