Élie Metchnikoff: aliyeona kuwa si kila kijidudu ni adui

Tukizungumzia magonjwa ya koo, pua na masikio, vijidudu hulaumiwa vyote kwa pamoja. Leo tunamtazama mwanasayansi aliyeonyesha kuwa vingine ni walinzi wetu.

Élie Metchnikoff alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, sehemu ambayo leo ni Ukraine. Mwaka 1873 kifua kikuu kilimchukua mkewe Ludmila. Mwaka 1882, akiwa Messina nchini Italia, alichoma miiba kwenye watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao huonekana hadi ndani. Kesho yake alikuta chembe hai zimeuzingira mwiba. Hivyo alieleza jinsi chembe za mwili zinavyomeza vijidudu, na mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Kipindupindu kilipoingia Ufaransa mwaka 1892, Metchnikoff alikunywa vijidudu vyake makusudi. Hakuugua. Mtu mwingine aliyejitolea alinusurika kufa. Kwa nini? Alipovikuza maabara pamoja na vijidudu vingine, aliona baadhi vinavizuia visikue na vingine vinavisaidia.

Baadaye aliwahimiza watu kunywa maziwa mgando, akiamini yanarefusha maisha. Hilo halikuthibitishwa, yeye mwenyewe alifariki Paris mwaka 1916 akiwa na miaka 71. Lakini wazo lake la vijidudu walinzi limebaki.

Kwenye vinywa vyetu wanaishi bakteria waitwao Streptococcus salivarius. Baadhi yao hutoa kemikali inayowazuia bakteria wanaoleta maumivu ya koo. Wanasayansi wanachunguza kama wanaweza kutumika kukinga koo na masikio, hasa kwa watoto.

Kwetu sisi, somo ni hili. Dawa za antibiotiki huua wabaya na walinzi pia. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na dawa hizo haziviui. Tusizinunue kwa kubahatisha, wala tusimpe mtoto masalia ya dawa za jirani. Mganga akikuandikia, zitumie kama alivyoelekeza.

Mtindi ni chakula kizuri, ila si dawa ya sikio, na usitiwe sikioni. Mtoto akitoka usaha sikioni, au akiumwa koo na kuwa na homa, mpeleke zahanati mapema.