Habari za Mchungaji Johannes Kuhlo, Mpiga Pembe wa Bethel

Sharika zetu nyingi zina vikundi vya matarumbeta, na nyingine zakusanya sadaka ili ziwe navyo. Lakini aendaye kununua huulizwa anataka chombo cha namna gani, naye hana la kujibu. Basi ni vema tujue habari za mtu aliyeshughulika na neno hilo maisha yake yote.

Johannes Kuhlo alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1856 katika kijiji cha Gohfeld, nchi ya Westfalia, Ujerumani. Baba yake, Mchungaji Eduard Kuhlo, aliwafundisha vijana wa mashambani kupiga vyombo vya shaba ili waongoze nyimbo za kanisa, naye mtoto akakua akizisikia sauti hizo. Alipokwisha kujifunza theolojia, akawa mchungaji wa Hüllhorst tangu mwaka 1882. Mwaka 1893 Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh akamwita Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, mahali walipotunzwa watu wenye kifafa. Huko akawa msimamizi wa Nazareth, nyumba ya mashemasi waliowahudumia wagonjwa. Ndugu wengine wa nyumba hiyo walitumwa hata Usambara.

Chombo alichokichagua Kuhlo ni flugelihoni. Ukiiona waweza kudhani ni tarumbeta, maana urefu wa mabomba yao ni karibu sawa. Lakini bomba la tarumbeta lina upana mmoja kwa sehemu kubwa, kwa hiyo sauti yake ni kali na yenye kung'aa. Bomba la flugelihoni huanza jembamba, likazidi kupanuka kama pembe ya mnyama, na sauti yake ni nene na laini. Kuhlo aliona kuwa sauti hiyo yafanana na ya mwanadamu aimbaye, naye alitaka chombo kiimbe pamoja na watu, kisiwashinde kwa kelele.

Vali za vyombo hivi ni za namna mbili. Ile ya pistoni hupanda na kushuka. Ile ya kuzunguka hugeuka mahali pake. Zote mbili huipitisha pumzi katika bomba la pembeni, na sauti hushuka. Kuhlo alishika vali za kuzunguka, kama ilivyokuwa desturi ya Wajerumani, na fundi Ernst David wa Bielefeld akatengeneza pembe yenye umbo la yai, ambayo hata leo huitwa pembe ya Kuhlo. Lakini pistoni mpigaji aweza kuitoa na kuisafisha mwenyewe, bali ile ya kuzunguka ikiharibika yataka fundi. Akaaye mbali na mafundi na akumbuke hayo.

Tena kuna kulinganisha sauti. Chombo kikipata joto, sauti yake hupanda. Hapo mpigaji huvuta nje kidogo bomba liingialo ndani ya jingine, urefu ukaongezeka na sauti ikashuka. Katika flugelihoni nyingi huvutwa bomba lile lishikalo kipulizio, kisha hukazwa kwa skrubu. Mnunuzi na alijaribu kwanza: likikwama, au likiteleza lenyewe, asitoe fedha ya usharika. Chombo kisicholingana na vingine huharibu wimbo wote.

Vyombo hivi kwa desturi huandikiwa noti zao peke yao, hatua moja nzima juu ya zile za waimbaji. Kuhlo akawafundisha wapigaji kusoma noti zile zile za kwaya na kinanda, hata wakaweza kutumia kitabu kimoja na waimbaji. Njia hiyo ilienea sana katika vikundi vya makanisa ya Ujerumani. Lakini baada ya kufa kwake vikundi vingi vilirudia tarumbeta na tromboni, maana si wote walioipenda sauti ile laini.

Wala tusifiche kosa lake. Mtu huyu mwenye sikio jema hakuitambua sauti ya uovu. Katika uzee wake alijiunga na chama cha Hitler, akamsifu kiongozi yule. Nayo serikali ya chama hicho iliwaua makumi ya maelfu ya wagonjwa na vilema, watu wa namna ile ile waliotunzwa Bethel. Kuhlo alifariki huko Bethel tarehe 16 Mei 1941.

Basi tupokee mema aliyotuachia: tuchague chombo kitakachowasaidia watu kuimba, si kile cha kumtukuza mpigaji. Na kosa lake litufundishe kuwa kipawa hakimlindi mtu. Kama vile pembe iliyolinganishwa asubuhi hupotea sauti jua likipanda, ndivyo na moyo. Kila siku wahitaji kulinganishwa tena na Neno la Bwana.