Phineas Gage, kapita aliyetobolewa kichwa na chuma

Kule Bihambwe na Rubaya, wilayani Masisi, mchimbaji wa koltani hahitaji kuelezwa uzito wa baramine, kile chuma kirefu cha kupasulia mwamba. Chuma cha Phineas Gage kilikuwa ndugu yake: zaidi ya mita 1, kilo 6, ncha moja imechongoka.

Gage alizaliwa mwaka wa 1823 huko New Hampshire, Marekani. Akiwa na miaka 25 alikuwa kapita kwenye kazi ya njia ya treni karibu na Cavendish, Vermont, na wakubwa wake walimtegemea sana. Tarehe 13 mwezi wa 9 mwaka wa 1848, alikuwa akishindilia baruti ndani ya tundu la mwamba. Cheche iliruka, baruti ikalipuka. Chuma kiliingia kwenye shavu la kushoto, kikapita nyuma ya jicho, kikatokea juu ya kichwa na kuanguka mbali.

Baada ya dakika chache Gage alikuwa anasema. Alipelekwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, ameketi. Munganga John Harlow alimtibu kwa wiki nyingi. Jeraha lilitunga usaha, jicho likapofuka, lakini akapona.

Ndipo shida nyingine ilipoonekana. Kumbukumbu ilibaki: alikumbuka mambo ya kabla na ya baada ya ajali. Kilichoharibika ni kuamua. Munganga alipomjaribu, alikataa dola 1,000 kwa vijiwe vichache alivyookota mtoni, na havikuwa koltani. Akawa mtu wa matusi, akipanga mengi na kuyaacha. Kazi ya ukapita hakurudishiwa. Mtu aliyegongwa kichwa anaweza kutembea na kutaja majina ya wote, na bado asiwe yule yule. Mara nyingi watu wa nyumbani ndio huona kwanza.

Wengine baadaye walimfanya mzururaji asiyefaa kitu. Hiyo si haki. Tangu 1852 aliendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka kama 7, kazi inayodai akili ya kupanga. Alifariki California tarehe 21 mwezi wa 5 mwaka wa 1860, baada ya degedege nyingi.

Familia ilikubali fuvu litolewe kaburini. Mwaka wa 1994 Hanna Damasio na wenzake walilipima kwa kompyuta, wakaonyesha kwamba chuma kilipita sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima faida na hatari na kuchagua, kati ya yote mtu anayokumbuka, lile linalofaa sasa. Fuvu na chuma vinahifadhiwa pamoja Boston, katika Chuo Kikuu cha Harvard.