Hans Berger
Hans Berger (21 Mei 1873 - 1 Juni 1941) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kutoka Ujerumani. Ndiye wa kwanza kurekodi mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu.

Alizaliwa Neuses, karibu na Coburg. Akiwa askari kijana alianguka kutoka kwenye farasi, nusura akanyagwe na gurudumu la mzinga. Siku hiyohiyo dada yake, aliyekuwa mbali, aliingiwa na hofu juu yake, na baba yao akatuma telegramu kumjulia hali. Berger aliamini kwamba fikra zake zilimfikia dada yake, akasomea tiba ili aitafute nguvu hiyo ubongoni.

Hakuipata. Alichokipata huko Jena mwaka 1924 ni umeme hafifu mno, naye alisita hadi 1929 kuutangaza. Mawimbi aliyoyaita alfa huonekana mtu anapotulia amefumba macho, na hufifia akifumbua. Wenzake walimtilia shaka mpaka Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge walipoyathibitisha mwaka 1934.

Kipimo hicho hutumika hasa kuchunguza kifafa. Pia kuna tiba, ambazo bado zina ubishi, za kumzoeza mwenye tatizo la umakini au sonona kubadili mawimbi yake mwenyewe.

Chini ya utawala wa Wanazi, Berger alihudumu katika mahakama iliyoamuru watu wafungwe uzazi kwa nguvu. Mwishoni alipatwa na sonona, akajiua mjini Jena.