Urithi wa Mickey Mantle

Wako wazazi warithishao mashamba, wako na warithishao majumba. Mutt Mantle, mchimba risasi na zinki wa Oklahoma, Marekani, alimrithisha mwanawe mapenzi ya besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Mtoto alipozaliwa mwaka 1931 alimwita Mickey, kwa jina la mchezaji aliyemhusudu, Mickey Cochrane. Jioni, akitoka mgodini, alimrushia mpira kwa mkono wa kulia. Babu yake, Charlie, akamrushia kwa wa kushoto. Kijana akajua kupiga pande zote mbili.

Mwaka 1951 aliingia New York Yankees. Mambo yakamwendea kombo, akateremshwa timu ya chini huko Kansas City, akataka kuacha. Baba akafunga safari, akaanza kumfungashia nguo ili amrudishe nyumbani akachimbe madini. Mwana akatahayari, akabaki.

Mutt alifariki Mei 1952, asimwone mwanawe akitunzwa mchezaji bora wa ligi yake mara 3. Mickey, aliyefariki 1995, aliacha mapigo 536 ya kukamilisha mzunguko, mengine ya kulia, mengine ya kushoto. Baba na babu wamo humo.